Mbwa Wetu na Majina ya Histoire

Ndugu zangu, ba licenciés wenzangu na ninyi mungali mu auditoire, leo siandiki juu ya mbolea. Wanaonisoma kwa ajili ya mahindi na muhogo wanisamehe, tutarudi shambani juma lijalo. Leo ni habari ya mbwa. Ni lawama, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mudogo wangu anasoma histoire, mwaka wa pili. Kiangazi kilichopita alirudi hapa Kasaji juu ya lori, siku mbili njiani kutoka Kolwezi, na ndani ya karatoni ya sabuni alileta mbwa mdogo, mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja juu ya mgongo. Wakati ule wezi walikuwa wametoboa nyumba yetu ya mahindi mara mbili, kwa hiyo hakuna aliyeuliza bei. Alifika, akala bukari, akalala. Asubuhi akaandika ndani ya groupe WhatsApp ya familia: "Tunatafuta jina ya imbwa. Lakini jina ya histoire, yenye uzito. Hatutaki Bobi tena."

Nakiri nilipenda. Avenue yetu imejaa Bobi. Kuna Bobi wa fundi baiskeli, Bobi wa pasteur, Bobi wa yule mama wa mkaa, na jioni ukiita mmoja wanakuja wote. Kuna Simba, kuna Rambo, kuna Saddam mwenye jicho moja. Nikafikiri, sasa tutaonyesha kwamba katika parcelle hii watu wamesoma. Angalieni vizuri wazo hilo, kwa sababu ndilo ninalolilaumu. Hatukuwa tunamtafutia mbwa jina. Tulikuwa tunajitafutia sisi diploma ya pili, ya kutundika shingoni mwa mbwa.

Siku moja ilitosha majina yakajaa. Mushiri, Tshombe, Bodson, Stanley, Tigre, Chibinda, hata Napoléon. Muyomba wetu wa Likasi aliandika Mobutu, halafu baada ya dakika tano akafuta. Mobutu alikufa Rabat mwaka 1997, lakini muyomba bado anafuta.

Mimi niliweka Mushiri. Niliandika maelezo marefu, kama mnavyonijua. Nikakumbusha kwamba Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, alitoka Unyamwezi kama mfanyabiashara, akajenga Bunkeya, akatawala Garenganze kwa shaba, pembe za tembo na watumwa. Nikasema watu wa Léopold II walipokuja na bendera yao aliikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson, wa msafara wa Stairs, alimpiga risasi, na Bodson naye akapigwa na watu wa Mushiri, akafa. Jina la mtu asiyeinama, niliandika, linafaa mlinzi wa mahindi. Watu wakaweka vidole gumba. Nikaona nimeshinda, nikatoka nje kuanza kumzoeza.

Neno la kwanza nililomwambia mbwa kwa jina lake jipya lilikuwa hili: "Mushiri! Toka! Toka mu bukari!" Na mufagio mkononi.

Pale kwenye mlango wetu hukaa mama mmoja anayeuza mafuta ya ngazi kwa vikombe. Ameolewa hapa Kasaji miaka mingi, lakini ni mtu wa Bunkeya, Muyeke. Aliinua kichwa, akaniangalia, akafunga bidoni yake, akaenda. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne nilikwenda kwake, nikamkuta anasonga. Sikuwa na maneno mazuri. Yeye ndiye aliyeanza: "Baba, mi sina neno na imbwa yako. Lakini kwetu ile jina iko jina ya mwami. Mpaka leo kuko mwenye kuikalia. Na mi nilisikia unaipiga na mufagio."

Ni kweli. Tulisoma kwenye vitabu kana kwamba mambo yale yaliisha 1891, lakini kiti cha Bunkeya hakikubaki kitupu. Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe, alikuwa mjukuu wa Mushiri huyo huyo. Kila mwaka tarehe 20 Desemba Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka. Nilikuwa nimechukua jina la mtu anayekumbukwa kila mwaka, nikamfukuzia nalo mbwa kwenye sahani.

Ngojeni, haijaisha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee Musanga, wa upande wa Lubudi. Yeye alisikia jina lile akacheka mpaka akakohoa. "Ita! Ita tu, kijana! Uite na nguvu! Yee alituuza." Kwa sababu Basanga hawakusubiri Bodson. Walikuwa wamemwasi Mushiri mwaka ule ule wa 1891, kabla msafara wa Stairs haujafika, kwa kuchoshwa na kodi na kukamatwa. Basi sauti yangu moja, kelele moja ya asubuhi, ilimpa mama mmoja aibu na mzee mmoja furaha, na hakuna kati yao aliyemwangalia mbwa.

Mimi ni mtu wa agronomia, sarufi si kazi yangu, lakini tangu siku ile naona kitu. Mu kitabu cha histoire Mushiri ndiye anayetenda: alikuja, alijenga, alikataa, aliuza. Ukimpa mbwa jina hilo, Mushiri anaanza kutendwa. Toka. Lala. Kaa chini. Nyamaza. Nani alikuruhusu? Sisi tunasema tunamheshimu, mdomo unamwamuru. Tena kwa Kiswahili, ambamo kumwita mtu mbwa ni tusi tangu Zanzibar mpaka Dilolo, heshima hiyo haina pa kupita. Mtu akisikia jina la babu yake linaitwa uani, hasikii kwamba mbwa amepandishwa. Anasikia babu ameshushwa.

Mudogo wangu alikuwa na dawa yake. "Sawa, yaya, tuite Bodson. Huyo hana mtu hapa. Tumulipize." Wanafunzi wengi wanapenda njia hii: mbwa apewe jina la adui. Nimeona Stanley kule Kolwezi, nimesikia Hitler mahali pengi. Nilimjibu kwamba hajawahi kufuga mbwa. Mbwa hakai adui. Baada ya miezi sita utakuwa unamkuna Bodson tumbo, unamtafutia Bodson mfupa, Bodson akiugua utaazima pesa ya dawa. Kisasi gani hicho?

Wazungu waliopita huku walifanya hivyo bila taabu. Stanley alipoondoka Uingereza mwaka 1874 kuvuka Afrika alikuwa na mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Nero! Kaisari wa Roma, anaitwa kwa mluzi katika vichaka vya Tanganyika. Stanley hakupata shida kwa sababu hakuna Mrumi aliyekuwa jirani yake, akiuza mafuta mlangoni. (Hata mmoja wa mbwa hao hakufika Boma. Bull, wa mwisho, alikufa 1876, nusu ya safari.) Na Hergé, katika Tintin au Congo, alikwenda mbali kidogo: mbwa wake Milou anavikwa taji, anakaa kwenye kiti, mfalme wa watu wafupi wa msituni. Mimi nilikisoma mtoto, nikacheka, sikuona kitu. Mwaka 2007 Mcongo mmoja alikipeleka kitabu hicho kortini Brussels, na mwaka 2012 korti ikakataa ombi lake. Watu walibishana sana juu ya midomo iliyochorwa na kifaransa kibovu. Kwangu mimi ukurasa wa Milou ndio unaosema kila kitu: kwao mbwa hahitaji jina la mfalme. Anapewa ufalme wenyewe.

Kwetu ujirani ndio unaohukumu. Mwaka 2016, jimbo la Ogun kule Nigeria, mtu mmoja alimwita mbwa wake Buhari, akaliandika jina ubavuni mwa mbwa, akatembea naye mtaani. Polisi wakamshika. Yeye akasema anampenda rais. Jirani akasema Buhari ni baba yake. Mnaweza kucheka, lakini mwambieni nani kati yao anadanganya.

Basi tukaacha watu. Tukasema tuchukue jina ambalo si la mtu: Tigre. Linasikika vizuri, linatisha wezi, na lina histoire ya hapa hapa. Mudogo wangu aliruka kwa furaha. Ilibaki kumwambia nkambo.

Nkambo hana WhatsApp. Alikuwa anapepeta mahindi wakati mama alipomweleza. Akaweka lungo chini.

Kwa ninyi msiotoka upande huu, nieleze haraka. Tarehe 8 Machi 1977 watu wa FNLC, wengi wao ba gendarme wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola mwaka 1963, pamoja na vijana waliokua huko, walivuka mpaka chini ya Nathanaël Mbumba. Waliitwa Tigres. Dilolo, Kisenge, Kasaji, Mutshatsha, moja baada ya nyingine zilianguka. Mwezi wa nne ndege za Ufaransa zilileta askari 1,500 hivi wa Morocco, na mwisho wa mwezi wa tano vita ilikuwa imeisha. Vitabu vinaiita Shaba I. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Angola, wengi Baluunda. Mwaka uliofuata, 13 Mei 1978, Tigres wakarudi na kuchukua Kolwezi, tarehe 19 legioni ya Ufaransa ikashuka na parachuti, na hiyo dunia inaikumbuka, filamu ipo, makaburi yanatembelewa. Ile ya kwanza, yetu, iliyopita kwenye barabara hii ninapoandika, inapata mistari mitatu.

Nkambo alisema hivi, nami naandika alivyosema: "Kaka yangu alienda na bale ba gendarme. Miaka kumi na ine hatukusikia sauti yake. Siku moja, usiku, iko ku mulango. Tigre. Alikula hapa, alilala hapa, siku kumi na moja. Kiisha balienda. Kiisha askari bengine balikuya, bakaanza kuuliza nyumba na nyumba: nani alilisha Tigre? Nani alimuita? Shi tulikimbia mu pori na sufuria moja. Na weye unataka mi nisimame ku mulango, na sauti, niite 'Tigre, kuya kula'?"

Hakuna aliyejibu. Mudogo wangu, mwenye kusoma histoire, aliangalia miguu yake. Alikuwa na cours nzima juu ya Shaba I, tarehe zote kichwani, na hakuwahi kujua kwamba chakula cha nyumba hii kilikuwa kimo ndani. Hakuna aliyemuuliza nkambo. Mimi pia sikumuuliza. Tulipata habari hiyo kwa sababu ya mbwa.

Akaokota lungo lake, akaongeza, nadhani kwa kutuonea huruma: "Banadamu tulipata taabu ya majina, imbwa apana. Wakati ya Mobutu balisema tuache jina ya Bazungu. Mi nilikuwaka Joséphine, nikaacha. Padri akibatiza mutoto na jina ya Kizungu, gereza. Lakini Bobi ya chef de gare ilibakia Bobi." Hiyo ni authenticité ya 1972 kwa ufupi, na sijaisoma vizuri namna hiyo popote.

Ilikuwa siku ya tano. Ndipo dada yetu aliyeko Dilolo, nesi, aliuliza swali ambalo wanaume kumi na wawili wa groupe hawakuuliza: "Imbwa ni mume ao muke?" Tukaenda kuangalia. Muke. Mushiri, Tshombe, Bodson, Napoléon, vyote vikaanguka mara moja, na mimi nikafikiri tumeokoka. Lakini binamu mmoja, haraka haraka, akaandika "Kimpa Vita". Mwanamke aliyechomwa moto mwaka 1706, miaka ishirini na kitu tu. Na mwingine, naye Muluunda mwenzetu, sijui alikunywa nini, akaandika "Ruwej".

Wenye kutoka mbali hawawezi kujua ukimya ulioingia mu groupe. Ruwej ndiye mama wa ufalme wetu. Alimpokea Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka kwa Baluba, akampa bangili ya utawala, ndugu zake Kinguri na Chinyama wakakasirika wakaondoka kuelekea magharibi na kusini, na kutokana na ugomvi huo makabila mengi ya Angola na Zambia yanahesabu mwanzo wao. Cheo cha Ruwej bado kipo Musumba, anakikalia mwanamke. Na Kifaransa tulichosomea kinafanya nini na mbwa jike? Mnalijua neno. Linatupwa kwa wanawake kila siku sokoni. Jina la mwanaume wa histoire likiwekwa kwa mbwa ni dharau. La mwanamke ni tusi ambalo tayari lina mahali pa kukaa. Binamu aliomba radhi. Baba mukubwa alitoka kwenye groupe, akarudishwa, akatoka tena.

Hapa mtu ataniambia: wewe mwenyewe kwa wakulima unasambaza muhogo unaoitwa Obama. Ni kweli. INERA ilitoa, wakulima wanaipenda kwa sababu inavumilia mosaiki, na hakuna Mmarekani aliyekasirika. Tuna mahindi yanaitwa Salongo 2, jina la ile kazi ya lazima ya Mobutu, na Kasai 1. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nafikiri tofauti ni kwamba jina la mbegu halipigiwi kelele. Muhogo unaukata, unampa jirani vijiti, jirani anampa shemeji, jina linatembea na chakula. Hakuna anayesema "Obama, toka!" Mkulima akisema "Obama imetoa vizuri", yule mtu wa Chicago hajapungukiwa na kitu. Lakini sitabishana. Jibu langu halijakamilika, na Kasai 1 nitairudia sasa hivi.

Siku ya saba mudogo wangu alikuja na simu mkononi. Aliyemuuzia mbwa kule Kolwezi alikuwa amemwambia ni race pure, naye alikuwa ametafuta picha. Paji lenye mikunjo, masikio yamesimama, mkia wa kujikunja, na kubweka hajui, anatoa sauti kama mtu anayeimba vibaya. "Nkambo, hii imbwa si ya bule! Ni race ya Congo. Dunia muzima banaiyua. Inaitwa Basenji."

"Inaitwa nani?"

"Basenji."

Nkambo akacheka kidogo. "Basenji ni sisi."

Tukanyamaza, na yeye akaeleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Alipokuwa mtoto, walikuwa wanatoka kijijini kuja kuuza muhogo mu camp ya reli. Kulikuwa mama mmoja, bibi ya karani, mweusi kama sisi, mwenye mapazia na sahani za maua. Akinunua alikuwa anasema: "Basenji babakie ku inje." Walikaa inje, juani, wakahesabu pesa.

Neno lile tunalifahamu. Watu wa pwani walisema washenzi, misafara ikalileta ndani, Lingala na Kiswahili chetu vikasema basenji, na wakati wa Wabelgiji likawa jina la kila mtu wa kijiji asiye na karatasi. Upande wa pili walikaa ba évolués. Mwaka 1948 walitengenezewa carte du mérite civique, mwaka 1952 immatriculation. Ili uipate, watu walikuja nyumbani kwako kukagua, unalala wapi, unakula namna gani, mke wako anaongea nini. Ukishinda, wewe si musenji tena. Na wakati ule ule, mbwa wa wawindaji wetu, wale wa kuvalishwa kengele shingoni kwa sababu hawabweki, walikuwa wameshapelekwa Uingereza. Mwaka 1937 walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa kule London, na jina walilopewa lilitokana na "mbwa na basenji", mbwa wa washenzi. Baadaye neno "mbwa" likaanguka njiani. Wakabaki basenji.

Tulikuwa siku saba tunamtafutia mbwa jina la histoire, naye alifika nalo ndani ya karatoni.

Sasa lile nililosema mwanzoni, kwamba wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Nilipofika chuo kikuu, watoto wa mji waliniita musenji wa Kasaji, kwa sababu ya kiatu na namna ninavyosema "ku". Iliniuma miaka miwili. Halafu nikapata licence, nikarudi, na msimu wangu wa kwanza wa kazi, kijiji kimoja kilikataa kupanda mahindi kwa mistari. Jioni, mbele ya bia, niliwaambia wenzangu: "Bale ni basenji, hapana kubishana nabo." Wenzangu, wote wenye licence, wakacheka. Mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa kwanza. Wale waliochanganya muhogo na mahindi bila mistari walikula. Mimi, mtoto wa mtoto wa yule aliyeachwa inje juani, nilikuwa bibi ya karani mwenye mapazia.

Na msiseme ni neno tu. Katanga hii tumeona jina la mdudu likiwekwa juu ya watu. Mwaka 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Wengi wao walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na reli na migodi. Walifukuzwa kwenye nyumba zao, wakalala magari moshi yakisubiriwa, wiki, miezi, watoto wakafa kwenye stesheni. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini nilisoma primaire na kijana ambaye familia yao ilibaki, na alikuwa hasemi Tshiluba hata na mama yake. Leo wajomba wa waliofukuza wanapanda Kasai 1 na kuisifu. Ndiyo maana nilisema nitairudia.

Kwa hiyo lawama yangu kwa wenye licence ni hii. Tunapenda histoire kwa majina yake, kama vile mtu anavyopenda kofia. Tunachukua Mushiri bila Bunkeya, Tigre bila sufuria ya nkambo, Ruwej bila mwanamke anayekaa Musumba leo. Halafu majina ambayo kweli yanaendelea kufanya kazi kati yetu, musenji, kilulu, hayo hatuyaiti histoire. Tunayaita mizaha.

Mtauliza mbwa anaitwa nani. Mudogo wangu alifungua kura mu groupe, siku ya kumi na moja, na majina matatu ambayo sitayataja. Kura ilikuwa sare. Jioni ile ile tuliketi uani tukibishana, mbwa amelala mbali, chini ya mti wa embe. Nkambo akatoka na sahani, akasema, bila kupaza sauti, kama alivyosema kila jioni tangu siku ya kwanza: "Kuya."

Mbwa akasimama, akaja.

Mudogo wangu akajaribu: "Kuya!" Akageuka, akaenda kwake. Nami nikajaribu. Akaja kwangu. Tulikuwa siku kumi na moja tunaandika, na yule aliyekuwa anamlisha alishamaliza.

Sasa shida yetu ni moja tu. Mgeni akifika mlangoni, ukimwambia "kuya, baba, kuya", mbwa anatangulia kuingia. Mama wa mafuta ndiye anayecheka zaidi. Amerudi mahali pake, na bei ya kikombe ameniongezea mimi peke yangu.